Samaki wa Birika na Pipa la Uani: Maji Yaliyotuama katika Historia ya Ilala

Desturi ya kufuga samaki wa mapambo katika bwawa dogo la uani, mathalani koi, ambao wakulima wa mpunga wa Niigata nchini Japani walianza kuwateua kwa rangi zao katika karne ya 19, haikuota mizizi katika nyumba za Ilala na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, kuishi na samaki ndani ya maji ya nyumbani hakukuwa jambo geni kwa Waswahili, kwani pwani yao ilikuwa na samaki wa nyumbani muda mrefu kabla ya Sultani Majid wa Zanzibar kuanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Samaki hao hawakuwekwa ili watazamwe. Walikuwa na kazi.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Lamu, katika nyumba za mawe za karne ya 18, ambamo chumba cha kuogea kilikuwa na birika, yaani tangi lililojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa, ambalo maji yake yalichotwa kwa kata kwa ajili ya kuoga na kutawadha. Ndani ya birika waliishi samaki wadogo waliokula viluwiluwi wa mbu, na sakafuni mwake fundi alipachika bakuli la kauri ya Kichina, ili maji yalipotolewa kwa ajili ya usafi samaki wasalie hai katika kiasi kidogo kilichobaki bakulini. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa ujenzi wa pwani ambamo pambo na matumizi vimeungana kwa ustadi kama huo. Tena birika lilijengwa kwa kuta zilizoinuka juu ya sakafu, nalo lilikuwa ndani ya nyumba, hivyo mtoto anayetambaa hakulifikia kwa urahisi kama ambavyo angelifikia shimo lililochimbwa katika usawa wa ardhi.

Sheria ya dini nayo ililipa birika ukubwa wake. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, maji yaliyotuama hayanajisiki kwa kuguswa tu na najisi iwapo yamefikia kiasi cha kullatayni, yaani mitungi mikubwa miwili ya Kiarabu, kiasi ambacho kwa makadirio ya leo hukaribia lita 200. Samaki aliye hai hayanajisi maji hayo. Pipa la mafuta lililokuja kuwa chombo kikuu cha maji katika nyua za Ilala lina ujazo unaokaribiana na huo, lakini halikurithi samaki.

Sababu za kutorithi huko zinahusiana na jinsi mji ulivyopangwa. Mwaka 1901 daktari wa Kijerumani Ollwig alianzisha Dar es Salaam kampeni ya malaria kwa njia ya mwanasayansi Robert Koch, ambayo ilikuwa kupima damu za wakazi na kuwapa kwinini wale walioonekana kuwa na vimelea, wala haikujishughulisha sana na maji. Njia hiyo ilipodhihirika kuwa haitoshi, macho ya maofisa yaligeukia madimbwi, mitaro na vyombo vya uani, na tangu hapo maji yaliyotuama yakawa kosa la mwenye nyumba. Kariakoo, iliyopimwa kwa mitaa iliyonyooka mwishoni mwa utawala wa Wajerumani na kupewa jina lake na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, pamoja na Ilala iliyoifuata, zikawa mitaa ya nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na uani jiko, choo na vyombo vya maji. Bwana afya, yaani mkaguzi wa serikali, aliingia hadi huko nyuma kutafuta viluwiluwi.

Jambo zito zaidi, ambalo waandishi wa historia ya afya hulipita haraka mno, ni umiliki. Birika la Lamu lilikuwa la nyumba moja yenye ukoo mmoja, ilhali nyumba ya Ilala iligawanywa kwa wapangaji, kila chumba na pipa au madumu yake, na samaki hawezi kutunzwa katika maji yanayoisha kila siku na kujazwa na mwenye mkokoteni. Mitambo ya Ruvu Juu ya mwaka 1959 na Ruvu Chini ya mwaka 1976 iliongeza maji ya bomba, lakini mgao uliwalazimisha watu kuendelea kuyahifadhi. Hatari ya maji yaliyohifadhiwa nyumbani ilikwisha kuonekana kusini mwa nchi mwaka 1952 na 1953, wakati homa ya chikungunya, inayoenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, ilipotambuliwa katika uwanda wa juu wa Makonde, ambako maji yaliletwa kutoka mbali na kuwekwa majumbani. Mbu wa jamii hiyohiyo ndiye aliyeeneza homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019.

Serikali haikurudi kwa samaki. Mpango wa kudhibiti malaria mijini ulioanza mwaka 2004 ulihusisha kata 15, ukazigawa kwa kufuata mabalozi wa nyumba kumi, na Buguruni ikawa miongoni mwa kata tatu za kwanza ambamo wakazi walioajiriwa walinyunyizia madimbwi dawa itokanayo na bakteria wanaoua viluwiluwi. Uwezekano mwingine ulikuwapo karibu, kwa kuwa samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius huishi katika madimbwi ya mvua ya pwani na mayai yao hustahimili kiangazi ndani ya tope lililokauka, ila wanafaa zaidi madimbwi ya nje kuliko pipa.

Kilichochukua nafasi ya samaki ni kifuniko. Simtank, tangi la plastiki linaloinuliwa juu ya mnara wa zege au juu ya paa, humzuia mbu kwa mfuniko wake na mtoto kwa kimo chake, na hilo la pili lina uzito mkubwa, kwa maana Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Tangi hilo, hata hivyo, hununuliwa na mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja hubaki na pipa na ndoo zake, na mfuniko wake mara nyingi ni sinia au kipande cha bati.