Chai ya Shughuli na Mikono Iliyoichuma: Safari Yetu ya Iringa na Mbeya



Visiwani kwetu hakuna shughuli isiyo na chai. Posa ikija, chai. Siku ya kupeleka mahari, chai. Maulidi, hitma, harusi, hata mgeni wa ghafla baada ya alasiri, birika linapanda jikoni na ndani yake iliki, mdalasini, tangawizi na punje mbili tatu za karafuu. Karafuu tunaijua, tumekua tukiiona imeanikwa kwenye majamvi. Majani ya chai ndiyo hatuyajui. Hayaoti kwetu. Yanatoka kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini, kwenye milima ambayo wengi wetu hatujawahi kuifika. Kwa hiyo tulipopata nasibu ya kwenda Iringa na Mbeya, tulikwenda na swali moja: nani anayachuma, na jina la nani linaandikwa kwenye daftari?

Boma la Iringa

Tulianzia Boma la Iringa, jengo la zamani la Wajerumani katikati ya mji, ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Ni makumbusho madogo, unayamaliza bila ya kuchoka, na si ya chai peke yake. Yanasimulia maisha ya watu wa mkoa huu, Wahehe, Wabena na majirani zao, na habari za Mtwa Mkwawa aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, ngome yake ya Kalenga ikaangushwa 1894, na mwenyewe akafa 1898 kuliko kukamatwa akiwa hai.

Ukitaka kuielewa chai, anzia hapo. Zao la biashara halikuja kwanza. Kwanza ilikuja bunduki, kisha ikaja kodi, ndipo likaja shamba. Mwaka uleule wa 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, na kodi ile ilitakiwa ilipwe kwa fedha. Mtu aliyekuwa na mahindi, ulezi, ng'ombe na watoto wenye afya, asubuhi moja akaambiwa kwamba hana kitu, kwa sababu hana rupia. Ili aipate ilimbidi auze mazao, au auze nguvu zake.

Mmea uliokuja na wageni

Wajerumani walijaribu chai kwanza Amani, kule Usambara, mwaka 1902. Miaka miwili baadaye wakaipanda Kyimbila, karibu na Tukuyu, wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya. Ukifika Tukuyu utajua kwa nini walipachagua. Mvua haichoki, udongo ni mweusi wa volkano, migomba imesongamana mpaka mlangoni, na ukungu unashuka mchana kweupe.

Kilimo kikubwa cha biashara kilianza 1926, wakati huo nchi ikiwa chini ya Waingereza. Walowezi wa Kizungu, Waingereza na Wajerumani waliorudi baada ya Vita vya Kwanza, walichukua ardhi Mufindi, kusini mwa Iringa, wakafyeka misitu na kupanda chai. Vita vya Pili vilipoanza 1939, mashamba ya Wajerumani yalishikwa kama mali ya adui, na kampuni ya Brooke Bond ya Uingereza ikaingia Mufindi. Mwaka 1984 Brooke Bond nayo ikanunuliwa na Unilever. Mashamba yalibadilisha wenyewe mara nyingi, lakini mchumaji alibaki yuleyule, mwanakijiji wa pale.

Kutoka Iringa tulipita Mafinga, tukaiacha barabara kuu tukaingia Mufindi. Vilima vyote ni kijani kimoja kilichokatwa sawasawa, utadhani ni zulia la msikiti limetandikwa mlimani. Ni pazuri, hatuwezi kukataa. Tulipiga picha nyingi kama mlivyoziona. Ila uzuri ule ni kazi ya mikono. Mchai ukiachwa unakuwa mti mrefu. Unakuwa chini vile kwa sababu unapogolewa, na unakuwa sawasawa kwa sababu kila wiki moja au mbili kuna mtu anapita na kapu mgongoni, anachuma majani mawili na kichipukizi chake cha katikati, na la tatu analiacha kwa kuwa ni gumu.

Majani yakishachumwa hayasubiri. Lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo, yanyaushwe, yakatwe, yaachwe yageuke rangi, kisha yakaushwe. Kilo moja ya majani makavu tunayonunua dukani inahitaji kilo nne hadi tano za majani mabichi. Jani moja ni jepesi kiasi gani mkononi? Hebu fikiria ni mara ngapi vidole vile vinakwenda na kurudi mpaka kilo tano zitimie.

Watu wa namba

Kuna neno ambalo wengi wetu tunalitumia bila ya kujua asili yake, nalo ni manamba. Vijana wa Nyanda za Juu Kusini, Wabena, Wahehe, Wanyakyusa na wengineo, walichukuliwa kwa maelfu kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Walihesabiwa na kupewa namba, na kazi zao ziliandikwa kwenye kipande, kadi yenye siku 30 za kazi. Siku zikitimia ndipo hulipwa. Wenyeji wa huko wakawaita manamba, yaani watu wa namba. Mtu mwenye jina alilopewa na mama yake akawa tarakimu.

Sisi wanawake tuulizane: mume akishakwenda Tanga mwaka mzima au miwili, nyumbani alibaki nani? Alibaki mke. Alilima, alipalilia, alivuna, alilea, aliuguza wazee. Yeye hata namba hakupewa. Kazi yake haikuandikwa kwenye kipande chochote, kwa hiyo ukisoma hesabu za wakati ule huwezi kumuona.

Mwanamke na kapu

Wakati wa ukoloni chai ilikuwa zao la mashamba makubwa. Wakulima wadogo waliingia hasa baada ya Uhuru, na mwaka 1968 serikali ikaanzisha Mamlaka ya Chai Tanzania ili kuwahudumia. Vikajengwa viwanda kwa ajili yao, kikiwemo cha Katumba kule Rungwe na cha Lupembe kule Njombe, ambayo hadi 2012 ilikuwa ndani ya mkoa wa Iringa. Leo Rungwe wakulima wadogo wana umoja wao, na kupitia umoja huo wana hisa katika kampuni inayosindika majani yao. Ni hatua kubwa, maana babu zao waliitazama chai ikipandwa kwenye ardhi yao na kuuzwa na wengine.

Utaratibu wa mkulima mdogo ni huu: majani yanapelekwa kituoni, yanapimwa kwenye mizani, kilo zinaandikwa kwa jina la mkulima aliyesajiliwa, na malipo yanakwenda kwa jina hilo. Na hapo ndipo swali letu lilipopata jawabu. Katika nyumba nyingi aliyesajiliwa ni baba, na anayechuma ni mama. Si lazima iwe kwa ubaya. Mchai unaishi zaidi ya miaka hamsini, na anayepanda mti wa kudumu ndiye anayehesabiwa mwenye ardhi, na ardhi kwa mila imekuwa ya wanaume. Mke akapewa maharage na viazi, vinavyong'olewa kila msimu. Chai ikabaki ya mwenye shamba.

Sheria imekuja kulisahihisha hilo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtambua mke kuwa na haki ya kumiliki mali yake, na sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini sheria iko kwenye kitabu, na mizani iko kijijini. Jina likishaandikwa miaka thelathini, kulibadilisha ni kazi.

Na sisi tusijisahau

Ni rahisi kusimama Mufindi na kuwasikitikia wenzetu. Lakini sisi watoto wa visiwani tuna historia yetu ya zao la biashara, na hatuna budi kuisema kwa ukweli.

Karafuu nayo ililetwa. Sayyid Said bin Sultan anakumbukwa kwa amri yake kwamba kila mnazi mmoja ufuatwe na mikarafuu mitatu. Mashamba yale yalifyekwa, yakapandwa na kuchumwa na watumwa. Na katika jambo hili wanawake walikuwa pande zote mbili. Sayyida Salme, binti yake Sayyid Said, alirithi shamba baba yake alipofariki 1856, kwa sababu sheria ya Kiislamu ilimpa mtoto wa kike fungu lake, wakati ambapo mwanamke aliyeolewa Uingereza hakuwa hata na haki ya kushika mali yake mwenyewe. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini waliolifanyia kazi shamba kama lile majina yao hatunayo. Na amri ya 1897 iliyofuta utumwa Unguja na Pemba haikuwagusa masuria, wakasubiri mpaka 1909. Kumbe hata siku ya uhuru kuna wanawake waliachwa nje ya daftari.

Kwa hiyo mafunzo ya chai na ya karafuu ni mamoja. Zao lolote linaweza kuwa neema au dhulma, na tofauti yake ni haki ya yule aliyelishughulikia. Mtume wetu (s.a.w.) ameusia kuwa mfanyakazi apewe ujira wake kabla ya jasho lake kukauka, na imepokewa pia kwamba miongoni mwa watakaokuwa na kesi na Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama ni mtu aliyemtumikisha mwenziwe, kazi ikatimia, kisha asimlipe. Tunapotafuta halali hatuishii kwenye nyama tu.

Kwako bibi harusi mtarajiwa

Utasema, haya ya Mufindi na Tukuyu yananihusu nini, mimi niko kwenye hina na vitenge? Yanakuhusu sana.

Kwanza, mahari ni yako. Suratun Nisaa aya ya 4 imeamrisha wanawake wapewe mahari yao, na haikumtaja baba wala mjomba. Ijue ni kiasi gani, kipi kimetolewa na kipi kimebaki deni, na iandikwe.

Pili, pato lako ni lako. Aya ya 32 ya sura hiyohiyo inathibitisha kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mama yetu Khadija (r.a.) alikuwa na biashara yake na wafanyakazi wake kabla ya kuolewa na Mtume (s.a.w.), na alipomsaidia mumewe kwa mali yake alisaidia kwa mapenzi. Nawe ukitaka kumsaidia mumeo, ni sadaka na ina ujira wake. Lakini kusaidia ni kwa aliye na chake.

Tatu, usione haya kuandika. Aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inazungumzia kuandika madeni na kuweka mashahidi. Mola wetu hakuiona karatasi kuwa ni dalili ya kutoaminiana, basi sisi tuione hivyo kwa nini? Mkinunua kiwanja pamoja, majina yawe mawili. Mkifungua duka kwa dhahabu yako, ijulikane hivyo tangu siku ya kwanza, wakati mnapendana na kila mtu anacheka. Yule mama wa Rungwe hakunyang'anywa shamba siku moja. Siku ya kuandikisha hakuulizwa, na yeye hakuuliza.

Nne, na hili tunajiambia sote: tazama na wewe ni nani anayefanya kazi kwako bila ya kuandikwa. Dada wa kazi anayeosha vikombe usiku wa shughuli yako, mpishi, mshonaji, mchumaji wa karafuu wa shamba la babu. Bibi harusi anayedai mahari yake kamili, naye akamcheleweshea msichana wa kazi mshahara wa mwezi, bado hajaijua haki.

Chai ya Tukuyu inapochemka pamoja na karafuu ya Pemba, ndani ya kikombe kimoja kuna mikono ya wanawake wa bara na wa visiwani. Tukinywa tuseme Bismillahi, tukimaliza tuseme Alhamdulillahi, na tuwaombee wote waliochuma.

Mwenyezi Mungu awape maharusi wetu nyumba zenye utulivu na mapenzi, ailipe mikono iliyofanya kazi na haikuandikwa, na atujaalie tuwe watu wa kutoa haki kabla ya kuidai. Aamin.