Ukipigwa Nyumbani au Mwana Akinajisiwa: Huku Pwani Uanzie Wapi?

Kuna swali ambalo halipiti mwezi bila kuniijia. Mara huja kwa simu, mara nikitoka msikitini baada ya Isha, mara ni mama anayenisimamisha kando ya njia na kuvuta buibui karibu na mdomo kabla ya kusema. Huanza na "kuna jirani yangu", na aghalabu jirani huyo ni yeye mwenyewe. Aende wapi? Kwa chifu, kwa Kadhi, kwa polisi? Ama anyamaze kwa ajili ya stara?

Wa mwisho kuniuliza alikuwa na mtoto wa miaka 13. Familia mbili zilikuwa zishakaa, wazee wakaitwa, pesa zikatajwa. Mtoto alikuwa ameogeshwa na nguo zimefuliwa na kuanikwa. Ilikuwa siku ya nne. Kwa haki, siku ya nne si kitu. Lakini kwa dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi ilikuwa imeshachelewa, na hilo ndilo lililonifanya niyaandike haya kwa utaratibu, ili mtu ayahifadhi kwenye simu yake.

Hospitali kabla ya yote

Aliyebakwa au kunajisiwa apelekwe hospitali kwanza. Si lazima upite polisi ndipo daktari akuguse. Wengi huambiwa hivyo mtaani na wanapoteza saa nzima nzima wakitafuta karatasi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Zikianza, humezwa kwa siku 28 bila kukatiza. Tembe za kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120, yaani siku tano, ingawa nazo hufaa zaidi mapema. Kwa hivyo hata yule mama wa siku ya nne hakuwa amekosa kila kitu, na hata aliyekaa mwezi mzima bado ana sababu ya kwenda: kupimwa, kutibiwa na kupata mshauri.

Mtoto asioge, na asibadilishe nguo ikiwezekana. Najua ni jambo gumu kumwambia mama, hasa sisi ambao tohara ya mwili ni sehemu ya dini yetu, na mkono wa mzazi huenda kwenye maji kabla ya akili kufika. Lakini ushahidi huoshwa na maji hayo hayo. Nguo zikishavuliwa zitiwe ndani ya karatasi au gazeti, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu huziharibu.

Hospitalini kuna fomu ambayo watu wengi hawaijui, fomu ya huduma baada ya kubakwa, ambayo wahudumu huiita PRC. Hujazwa na daktari au afisa wa kliniki akiandika alichokiona na sampuli alizochukua, na huwa na nakala tatu. Uliza kuhusu nakala yako. P3 ni fomu nyingine, ya polisi. Sehemu moja hujazwa kituoni na nyingine na daktari, na hutumika pia kwa mke aliyepigwa, hata kama hakuna kosa la ngono. Zote mbili hazilipiwi. Miaka michache nyuma niliwahi kumsindikiza jamaa yangu mahali fulani, karani akataka pesa "ya kujaza P3". Tulipouliza risiti, ada ile ikayeyuka.

Mombasa, Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara ina kituo maalumu cha kuhudumia manusura wa dhulma za kijinsia, kilichoanza 2007. Kwingineko, nenda hospitali kubwa ya serikali iliyo karibu nawe, iwe ni Msambweni, Kilifi, Malindi, Hola, Voi au King Fahd kule Lamu. Kwa mujibu wa sheria, matibabu ya aliyedhulumiwa kingono katika hospitali ya umma ni bure.

Kituo cha polisi

Ukifika, uliza dawati la jinsia. Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhulma za Nyumbani ya 2015 inampa mlalamishi haki ya kuandikisha taarifa mbele ya afisa wa jinsia yake akitaka, na inamlazimu polisi kumweleza atakapopata matibabu na hifadhi. Usiondoke bila nambari ya OB. Iandike, ipige picha. Bila nambari hiyo, kesho utaambiwa hukufika.

Taarifa yako usomewe kabla ya kutia sahihi, kwa lugha unayoifahamu. Nimeona kesi ikiyumba mahakamani kwa sababu taarifa ilisema "usiku" na shahidi akasema "magharibi". Kwetu ni kitu kimoja, kwa wakili wa mshtakiwa ni vitu viwili.

Ukizungushwa, muone mkuu wa kituo. Ikishindikana, Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ina ofisi Mombasa na nambari ya bure 1559. Nambari nyingine za bure ni 1195 kwa dhulma za kijinsia, 116 kwa watoto, na 999 au 112 kwa dharura ya polisi.

Kadhi, wazee na "tumalize nyumbani"

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo sisi Waislamu wa Pwani tunapopotea zaidi.

Mahakama ya Kadhi imewekwa na Kifungu cha 170 cha Katiba, na mamlaka yake yametajwa wazi: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Kadhi hahukumu jinai. Hawezi kumfunga mbakaji, wala hawezi kumsamehe. Anayekwambia kesi ya unajisi "imeshapelekwa kwa Kadhi ikaisha" amekudanganya, au amedanganywa.

Mzee wa mtaa na chifu hawana mamlaka hayo pia. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Wa miaka 12 hadi 15, kifungo si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya 15. Kosa la uzito huo halifutwi kwa mbuzi wawili na bahasha. Hata mzazi akisema amesamehe, uamuzi wa kusimamisha mashtaka ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye Katiba inamtaka apate idhini ya mahakama. Kumwoza binti kwa aliyemharibu nako hakusafishi kitu: Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka umri wa miaka 18 kwa kila Mkenya, na ndoa ya Kiislamu imo.

Utasikia pia kwenye barza hoja ya mashahidi wanne. Masharti hayo yapo kwenye tuhuma ya zina, kulinda heshima ya mtu asisingiziwe. Kuyageuza kuwa ngao ya aliyemvamia mtoto ni kuyatumia kinyume na yalivyowekwa. Na katika sheria ya nchi, Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kosa la ngono kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, iwapo hakimu ameridhika kuwa anasema kweli na ameandika sababu zake. Kwa hivyo "hakuna aliyeona" si jibu la kumrudisha mama nyumbani.

Nasema na hili, na najua kuna watakaoninunia: haibadiliki akiwa ni ami, baba wa kambo, mwalimu wa shule au ustadh wa chuo. Haibadiliki pia mtoto akiwa ni mvulana. Wavulana wetu ndio wananyamaziwa zaidi.

Pale Kadhi anapofaa, anafaa sana. Mke anayepigwa, anayenyimwa matumizi, aliyetelekezwa miaka na hapewi talaka, anaweza kumwendea Kadhi kuomba ndoa ivunjwe kwa sababu ya madhara, na kudai haki zake za mahari na eda. Ile nambari ya OB na ile P3 zitamsaidia hapo pia. Kuhusu matunzo ya watoto, hafungiki kwa Kadhi peke yake. Mahakama ya watoto iko wazi kwake chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Kesi hizi mbili zinaweza kwenda sambamba na kesi ya jinai, na moja haiuzuii mlango wa nyingine.

Amri ya ulinzi

Sheria ile ya 2015 ina dawa ambayo wanawake wetu hawaitumii vya kutosha. Unakwenda mahakama ya hakimu na kuomba amri ya ulinzi. Hakimu anaweza kumkataza mume, mtalaka, shemeji au yeyote wa nyumbani asikupige, asikutishe, asikufuate, asikupigie simu, hata asikanyage nyumba mnayoishi ijapokuwa hati ni yake. Pakiwa na hatari, amri ya muda hutolewa kabla yeye hajaitwa. Akiikiuka ametenda kosa la jinai. Kama huwezi kwenda mwenyewe, mwingine anaweza kuomba kwa niaba yako.

Dhulma katika sheria hiyo si ngumi tu. Imo kunyimwa pesa ya matumizi kwa makusudi, matusi na vitisho, ndoa ya lazima, ukeketaji. Na imo dhulma ya kingono ndani ya ndoa. Nalitaja hili kwa sababu Sheria ya Makosa ya Ngono yenyewe imewatoa wanandoa kwenye kosa la ubakaji, na wanawake wengi wakishaambiwa hivyo huona hawana pa kushika. Wanapo, ni hapa.

Wakili wa bure

Katika kesi ya jinai huhitaji kumlipa wakili. Mwendesha mashtaka analipwa na serikali, na anayekuomba "ya faili" anakuibia. Wakili wako mwenyewe unamhitaji kwa talaka, matunzo, amri ya ulinzi, au kukufuatilia kesi inapolala. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, lina ofisi Mombasa na huwasaidia wasio na uwezo. Kituo cha Sheria nao wako Mombasa. MUHURI wamekuwa wakishughulikia haki za binadamu hapa Pwani tangu miaka ya tisini. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa kwa sheria ya 2016 kwa kazi hii hii. Vijijini, ambako nauli tu ni mtihani, kina mama wa Sauti ya Wanawake Pwani wamewasindikiza wengi kituoni na mahakamani, na kusindikizwa huko wakati mwingine kuna thamani kuliko wakili.

Kesi za aina hii zina mahakama yake maalumu huko Shanzu, iliyozinduliwa na Jaji Mkuu Martha Koome 2022, ya kwanza nchini. Popote kesi iwapo, mwombe mwendesha mashtaka mtoto atoe ushahidi faraghani, asikae uso kwa uso na aliyemdhulumu. Sheria inaruhusu. Mshtakiwa akiachiliwa kwa dhamana na mkaanza kutishwa, ripoti polisi mara moja na umwambie mwendesha mashtaka; dhamana inaweza kufutwa.

Nyumba za hifadhi Pwani ni chache, huo ndio ukweli. Kwa mtoto, afisa wa watoto wa kaunti ndogo ndiye mwenye njia. Kwa mke, mashirika niliyoyataja huweza kumwelekeza, lakini mara nyingi usiku wa kwanza ni wa shangazi au rafiki. Basi mwambie mmoja mapema. Mwachie nakala ya kitambulisho, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nguo kidogo na nauli. Ukishapiga 1195, ifute kwenye simu kama simu yako hukaguliwa, na nambari uiandike nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, ambako mume hatazami.