Herufi za Mviringo na Msomaji Wake

Historia ya maandishi ya Kiswahili husimuliwa mara nyingi kama habari ya kuhama kutoka herufi za Kiarabu kwenda herufi za Kirumi. Lakini ndani ya herufi za Kirumi zenyewe imo habari nyingine isiyotajwa sana, nayo ni ya mashindano baina ya herufi ya chapa na herufi ya mkono.

Magazeti ya kwanza, kama Msimulizi lililoanza Unguja mwaka 1888, na Mambo Leo lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, yalichapwa kwa herufi za Ulaya zilizosimama wima, zenye vijiguu. Katika chapa ya namna hiyo a huwa na kichwa kilichopinda juu ya tumbo. Ubaoni, mwalimu huandika a iliyo duara na kijiti tu. Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo. Lakini hebu zitazamwe baba, mama, kaka na dada. Maneno manne hayo yana herufi 16, na nane kati yake ni a. Anayejifunza kusoma, awe mtoto wa darasa la kwanza au mzee wa kisomo katika ule mwaka 1970 uliotangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, hukutana na sura mbili za herufi moja tangu neno la kwanza.

Chapa iliyofuata mkono yaweza kumpunguzia taabu hiyo. Iliyo mashuhuri kupita zote ni Comic Sans. Mwaka 1994 Vincent Connare, mfanyakazi wa Microsoft, aliona katika programu ya majaribio mbwa wa katuni akisema kwa herufi za Times New Roman, chapa iliyotengenezewa gazeti la The Times la London mwaka 1932. Aliona kuwa mavazi hayo hayamfai mbwa. Akachora herufi za mviringo, akiangalia vitabu vya hadithi za picha. Na a yake ni duara na kijiti, kama ya ubaoni.

Herufi hizo zikaenea pamoja na kompyuta, hata wachoraji wa chapa wakazidharau. Julai 4, 2012, Fabiola Gianotti alipoeleza huko CERN, Geneva, ugunduzi wa chembe ya Higgs, maandishi yake yalikuwa ya Comic Sans, na watu wengi wakacheka herufi badala ya kusikiliza habari.

Dhihaka hiyo haina nguvu nyingi katika njia panda kama Misigiri, wilayani Iramba, ambapo barabara ya Kiomboi huiacha ile ya Singida na Nzega. Katika vituo vya namna hiyo nchini, mchoraji wa mabango ameandika kwa brashi, na mviringo wa mkono wake humkaribisha msafiri mgahawani au kwa kinyozi kabla hajalisoma neno. Hata hivyo, mkono huo huo haufai tangazo la msiba wala onyo la sumu. Herufi ina adabu yake kama usemi: mzaha una baraza lake, na huzuni ina lake. Mwenye kuchagua chapa na aulize kwanza ni nani atakayesoma, na kwa haja gani, urembo utafuata.