Nguva: Kutoka Masimulizi ya Wavuvi hadi Sanamu za Shaba

Katika Kiswahili, neno nguva hubeba viumbe wawili. Wa kwanza ni mnyama mpole wa baharini, anyonyeshaye, ambaye hula nyasi ziotazo chini ya maji ya kina kifupi. Wa pili ni kiumbe wa hadithi: mwanamke kuanzia kiunoni kwenda juu na samaki kuanzia kiunoni kwenda chini, anayesemekana kuwavuta mabaharia hadi wakapotea.

Uhusiano wao si mgumu kueleweka. Nguva huibuka ili avute pumzi, na jike humnyonyesha mwanawe kwa matiti yaliyo karibu na mapezi ya mbele. Mvuvi aliyemwona kwa mbali hakuwa na haja ya kubuni mengi.

Hadithi hiyo imevuka bahari kupitia kwa Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na kuhitimu shahada ya uzamili ya uchongaji katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2000. Alijulikana kwanza kwa picha za kubandika, ambamo vipande vilivyokatwa magazetini viliunganisha miili ya wanawake na mimea, wanyama na mashine. Mwaka 2014 alifanya maonyesho mjini London, akayapa jina la Kiswahili: Nguva na Nyoka. Mwaka 2017 ikafuata sanamu ya shaba, Water Woman, ya nguva mweusi aliyeketi. Huyu si yule binti mweupe wa michoro ya Ulaya. Ni nguva wa Pwani.

Septemba 2019, sanamu zake nne za wanawake ziliwekwa mbele ya Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, katika mashubaka yaliyokuwa matupu tangu mwaka 1902.

Hata hivyo, wakati hadithi ikipanda daraja, mnyama mwenyewe anatoweka. Desemba 2022, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimworodhesha nguva wa Afrika Mashariki miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kuangamia, waliokomaa wakiwa chini ya 250. Nyavu za uvuvi humnasa akafa kwa kukosa hewa, na nyasi anazozitegemea zinazidi kuharibiwa.

Wavuvi waliosimulia habari zake walikuwa wakimwona. Huenda wajukuu wao wakamjua kwa masimulizi tu, na kwa sanamu iliyo ng'ambo.