Kutoka Kipande Hadi Hasla

Kijana wa Kenya amewahi kulalamikiwa mara mbili kuhusu kazi. Lalamiko la kwanza lilikuwa kwamba kazi ziko tele, ila yeye hazitaki. La pili, tulilolizoea sisi, ni kwamba anazitaka, ila haziko. Kati ya malalamiko hayo mawili haikupita hata miaka hamsini. Mimi naona ukielewa jinsi nchi ilivyotoka kwa lile la kwanza ikaingia kwa hili la pili, hutakubali tena kuambiwa ati ukosefu wa ajira ni kama ukame, kitu kilichotushukia tu kutoka mbinguni.

Hebu tufuate maneno, maana kila enzi ya kazi nchini imetuachia lake.

Kibarua ni barua ndogo. Pwani, karne ya 19, mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kwamba amefanya kazi, akakipeleka apate malipo yake. Baadaye jina la karatasi likamwangukia aliyeibeba.

Halafu kukaja kipande. Walowezi walikuwa wamepewa ardhi lakini hawakuwa na mikono ya kuilima. Mtu aliye na shamba lake, mbuzi wake na mji wake, aende kumlimia mwingine kwa nini? Serikali ikamtafutia sababu. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, ikafuatwa na ya kichwa, na pesa za kuilipa zilipatikana zaidi kwa mwajiri. Ardhi nayo ilizidi kutwaliwa. Mwaka 1919, Gavana Edward Northey aliwaagiza maafisa wake wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, na machifu wakasukumwa wasaidie. Kufikia 1920, sheria ya usajili iliyotungwa mwaka 1915 ilikuwa imeanza kutekelezwa: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kopo la chuma lililoning'inia shingoni. Ukiacha kazi kabla bosi hajatia sahihi, umevunja sheria na unaweza kufungwa.

Kwa hivyo ule "uhaba wa wafanyakazi" ulikuwa na maana moja tu. Watu walikuwepo, lakini walikuwa na njia nyingine ya kuishi. Kazi kubwa ya sera ilikuwa kuifunga njia hiyo.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alipopinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara, alikamatwa Machi 1922. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele, na risasi zikafyatuliwa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walihesabu zaidi.

Mombasa nayo ilileta kichwa kingine cha maumivu. Makuli wengi wa bandarini walipenda kubaki vibarua: leo unabeba, kesho unapumzika au unaenda shambani, na hakuna wa kukuuliza. Lakini Januari 1947 walipogoma pamoja na wafanyakazi wengine wa mji, Mombasa ilisimama. Chege Kibachia aliibuka kuwa kiongozi wao, na baadaye mwaka huo huo akakamatwa na kuhamishiwa mbali. Wakoloni walitoka hapo na funzo: mtu asiye na mwajiri mmoja ni mgumu kumtawala. Miaka ya 1950 wakaanza kupunguza vibarua bandarini na kuweka kundi dogo la wafanyakazi wa kudumu, wanaolipwa vizuri kidogo. Lengo lilikuwa utulivu, lakini mstari ukachorwa. Upande mmoja kuna "mwajiriwa", na upande wa pili kuna wengine wote. Huo mstari ndio tuliorithi uhuru ulipofika.

Serikali mpya ilijua inadaiwa. Februari 1964, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mapatano ya pande tatu. Waajiri wa binafsi waliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15. Vyama viliahidi kutogoma na kutodai nyongeza ya mishahara kwa mwaka mmoja. Mimi hupenda kuurudia mkataba huu. Sio kwamba ulifaulu, la. Wasio na kazi walifurika kujiandikisha, na ajira zilizopatikana hazikudumu, kwa sababu waajiri walipunguza kuajiri baadaye hadi nyongeza ikayeyuka. Lakini ona ulivyoandikwa: nani anadaiwa nini, kwa asilimia ngapi, kwa muda gani. Mapatano kama hayo yalirudiwa 1970 na 1979.

Wachumi wawili waliowahi kufanya utafiti Nairobi, John Harris na Michael Todaro, walichapisha mwaka 1970 maelezo ya kwa nini mambo huenda hivyo. Mshahara wa mjini ukiwa mkubwa kuliko mapato ya shamba, kila ajira mpya ya mjini inawavuta watu zaidi ya mmoja kutoka mashambani, kila mmoja akibahatisha. Unaweza kuongeza kazi na bado ukaongeza wasio na kazi. Maelezo hayo sasa yanafundishwa vyuoni dunia nzima, na mizizi yake iko hapa kwetu.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilileta ujumbe, kwa mwaliko wa serikali. Ripoti yao ilisema jambo ambalo mama mboga angeweza kuwaambia bure: shida kubwa ya Kenya si wanaokaa bure, ni wanaofanya kazi kutwa kucha na bado ni maskini. Waliisihi serikali iache kuwabomolea vibanda mafundi na wachuuzi. Mwaka uliofuata Meja Mwangi alitoa riwaya yake *Kill Me Quick*, ya vijana wawili wenye vyeti vya sekondari wanaozunguka Nairobi bila kazi. Kutarmaki hakukuanza na kizazi chetu.

Kisha lugha ikageuka. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulianza, ukiwa na useremala na ushonaji ndani, ili mwanafunzi aweze kujitegemea. Mwaka 1986 waraka wa serikali kuhusu uchumi ukaipa jua kali nafasi ya heshima, na mwaka 1992 jua kali ikapata waraka wake yenyewe. Mafundi wa Kamukunji, waliokuwa wakifukuzwa, sasa wakawa mfano wa kuigwa. Si bahati nasibu kwamba hiyo ndiyo miaka wafadhili walikuwa wakishinikiza matumizi ya serikali yapunguzwe. Kuanzia 1993 watumishi wa umma walianza kupewa malipo ya kwenda nyumbani mapema. Mlango wa ofisi ulipofungwa, tuliambiwa nje kuna hewa safi.

Toka hapo ahadi zimezidi kuwa nyepesi. Mwaka 2003 tuliahidiwa ajira 500,000 kila mwaka. Mwaka 2022 tuliitwa mahasla, na mwishoni mwa mwaka tukaletewa mkopo kwa simu, kuanzia shilingi 500. Angalia safari hiyo: 1964 ulikuwa unadai kazi, 2022 unadaiwa wewe.

Na takwimu? Mwishoni mwa 2022 ukosefu wa ajira ulihesabiwa kuwa asilimia 4.9. Usicheke bado. Kwa kanuni za kimataifa, ukifanya kazi ya malipo hata saa moja kwa wiki, wewe si mkosa kazi. Yule jamaa anayefua nguo za jirani Jumamosi tayari ametoka kwenye orodha. Ukitaka kuona hali ilivyo, tazama aina ya kazi: kati ya ajira mpya takriban 782,000 za mwaka 2024, karibu 9 kati ya kila 10 zilikuwa za jua kali. Sehemu kubwa ya hizo haina mkataba wala pensheni, na kanjo wakija jioni mzigo unaenda.

Sidharau jua kali. Ndiyo imelisha na kusomesha wengi wetu. Ninachokataa ni hadithi kwamba ukikosa kazi wewe ni mvivu. Ni hadithi ya mlowezi, imebadilisha nguo tu. Yeye pia alikuwa na hakika kwamba tatizo ni tabia ya Mwafrika, huku sheria za kodi, ardhi na kipande zikimfanyia kazi usiku na mchana.

Kwa hivyo msimu wa kura ukifika na mtu akasimama juu ya gari kuahidi ajira, muulize maswali ya 1964. Ngapi, kufikia lini, nani analipa, na sahihi ziko wapi? Akianza kukwambia kuhusu bidii, ujue tumerudi kwa lile lalamiko la kwanza.