Jiko la chuma la kuni

Jiko la chuma la kuni ni kifaa cha kupashia nyumba joto ambacho huchoma kuni ndani ya sanduku lililofungwa la chuma. Moshi wake hutoka nje kwa bomba linaloingia katika dohani. Hutumika hasa katika nchi zenye baridi kali kama vile Norwei, Ufini, Kanada na Marekani.

Namna linavyofanya kazi

Moto wa mafiga hupata hewa kutoka pande zote. Moto wa jiko hili hupata hewa kupitia matundu yanayofunguliwa na kufungwa kwa mkono. Kwa hiyo mtumiaji huuongoza moto kwa hewa kuliko kwa kuni. Matundu yakifunguliwa, moto hupata oksijeni nyingi na kuwaka kwa nguvu. Yakipunguzwa, moto hutulia.

Joto kupita kiasi

Jiko hupata joto kupita kiasi likiachwa na mlango wazi, likijazwa vipande vidogo vya mbao kavu, au kamba inayoziba mlango ikichakaa na kuingiza hewa. Dalili yake kubwa ni chuma cha jiko au bomba kuanza kung'aa kwa wekundu. Chuma huweza kupinda au kupasuka, na mbao zilizo karibu katika ukuta au dari huweza kushika moto.

Hatari ya hewa chache

Wengine hufunga matundu karibu yote ili kuni zidumu usiku kucha. Hilo nalo ni kosa. Moto ulionyimwa hewa hutoa moshi mzito, ambao ukipoa ndani ya dohani huacha utando mweusi kama lami uitwao kriosoti. Kuni mbichi huongeza utando huo. Siku moto ukiwa mkali, kriosoti huweza kuwaka ndani ya dohani kwa joto linaloweza kuzidi sentigredi 1,000. Pia hutokea kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikiingia chumbani huua watu hata wakiwa usingizini.

Matumizi salama

* Kuni ziwe kavu, zenye maji chini ya asilimia 20. Kuni nyingi huhitaji kukaushwa mwaka mmoja au zaidi.
* Matundu yafunguliwe wakati wa kuwasha, kisha yapunguzwe kidogo kidogo moto ukishakolea.
* Kuni ziongezwe chache kwa kila mara.
* Kipimajoto kiwekwe kwenye bomba.
* Dohani ikaguliwe na kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka.
* Majivu yawekwe nje katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, kwa kuwa makaa yaliyofunikwa na majivu huweza kubaki na moto kwa siku kadhaa.
* Nyumba iwe na king'ora cha kaboni monoksidi.

Wakati wa hatari

Jiko likizidi joto, mlango na matundu ya hewa hufungwa. Maji hayamwagwi juu yake, kwa sababu chuma chenye moto kikipozwa ghafla huweza kupasuka, na mvuke huunguza. Ukisikika mngurumo mkubwa ndani ya dohani, huenda kriosoti inawaka: watu wote watoke nje na zimamoto waitwe mara moja. Jiko lisiwashwe tena kabla dohani haijakaguliwa na fundi.