Shemasi

Kwenye Barabara ya Jogoo, Nairobi, lipo Kanisa Kuu la Kianglikana la Mtakatifu Stefano. Stefano alikuwa mmoja wa wale saba waliochaguliwa Yerusalemu kusimamia chakula cha wajane, kama tunavyosoma Matendo sura ya 6. Hao saba huhesabiwa mashemasi wa kwanza. Neno shemasi lenyewe tumelipata kwa Waarabu, nao kwa Wasiria. Maana yake ni mtumishi, sawa na diakonos la Kigiriki.

Kwa Waanglikana na Wakatoliki, shemasi huwekewa mikono na askofu, na wengi hupitia daraja hilo wakielekea upadri. Kwa Wapresbiteri huchaguliwa na waumini wenzake. Huyu ndiye utakayemkuta Kayole au Umoja kukiwa na matanga: daftari la michango mkononi, anauliza kama wafiwa wana unga na sukari, mchungaji hata hajafika. Hapo ndipo neno linapotimia.

Jambo moja linaniuma. Katika Warumi 16, tafsiri ya Union ya Biblia ya Kiswahili inamwita mwanamke aitwaye Fibi mhudumu, ilhali neno la Kigiriki ni lilelile, diakonos. Watafsiri wajao, mwiteni shemasi.